Shati la Mzee wa Dirishani

Shati lilikuwa limeshapigwa pasi, lakini Fundi alilipiga pasi tena, akalikunjua, akalikunja, akalitafutia kosa ambalo halikuwepo. Kola ilikaa. Vifungo vilishikwa kwa uzi wa kukunjwa mara mbili. Mishono ya ndani ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kulivaa kinyume na asitokee wa kukucheka. Tangu ugonjwa uingie na harusi za watu ziahirishwe, yake ikiwa mojawapo, alikuwa hashoni kitu ila barakoa, leo barakoa na kesho barakoa, hadi mikono ikawa inazikata yenyewe huku akili imekwenda matembezi. Shati hili lilimkumbusha kwamba yeye ni fundi.

"Ndiyo unampelekea leo?" aliuliza Mama kutoka kwenye kiti chake, dawa yake ya pumu ikiwa mapajani kama kawaida.

"Ndiyo, Mama. Wanamruhusu wakati wowote sasa. Hawezi kutoka wodini na nguo za hospitali, mtu mzima kama yule."

"Kwani hana watoto?"

"Ana binti, yuko mbali na njia zimefungwa."

Mama alitikisa kichwa, akamtazama binti yake anavyolifunga shati kwenye karatasi safi. "Na huyo mwenzako utamwona?"

"Kwa mbali. Yeye ndani ya geti, mimi nje."

"Mwanangu, sikukatazi kumpenda. Moyo ukipenda haushauriki. Lakini mtu anayelala na ugonjwa na kuamka na ugonjwa, siku moja atakuja nao hapa mfukoni. Na kifua changu hiki unakijua."

"Mama, maneno ya namna hiyo humu ndani hayasemwi. Si tulikubaliana?"

Walikuwa wamekubaliana kweli, ingawa ukichunguza vizuri, aliyekubali alikuwa mmoja na aliyeamua alikuwa mmoja.

Lazima tumwelewe Fundi kabla hatujamlaumu. Baba yake alipofariki, yeye akiwa bado anavaa sare za shule, Mama alijilaza akageukia ukuta, na msimu mzima nyumba ile haikufunguliwa mapazia. Aliyeyafungua ni yeye. Alijifunza kupika akiimba, kuigiza majirani ili Mama acheke, na kuyameza machozi yake kama mtu anavyomeza kidonge kichungu, haraka, bila kukionja. Mama akasimama tena. Tangu hapo binti akaamini kwamba kicheko ndicho kinachoshikilia paa la nyumba, na kwamba akilia yeye, paa litawaangukia.

Kwa hiyo ugonjwa ulipobisha hodi, alitoa sheria. Redio izimwe kabla ya habari. Habari za misiba zisivuke kizingiti. Na mchumba wake, muuguzi, alipofungiwa pamoja na wenzake katika mabweni ya nyuma ya hospitali, naye alipewa sheria yake.

"Kila jioni nikikupigia, uniletee habari moja njema," alimwambia. "Moja tu, nami nikupe moja. Mabaya yabaki hukohuko."

"Na nikikosa?" aliuliza Muuguzi, na sauti yake ilikuwa na tabasamu.

"Hukosi. Hakuna siku isiyo na jema hata moja."

Tusimsingizie, mwanzoni dawa ile ilifanya kazi. Muuguzi alikuwa akiyatafuta mema wodini kutwa nzima ili jioni asiende mikono mitupu. Ndivyo Fundi alivyomjua Mzee wa Dirishani, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kitanda chake. Alikuwa mtengeneza saa mstaafu. Aliwakasirisha manesi kwa kulalamika kwamba saa ya ukutani inachelewa, na kwamba wakimpa kiti cha kupandia ataitengeneza hata na mpira wa oksijeni puani. Leo amekunywa supu. Leo ameketi. Leo ameahidi kuja harusini kwetu, mradi asikalishwe karibu na spika. Fundi alimpenda mzee yule kabla hajamwona. Siku alipoambiwa Mzee ameondolewa oksijeni, alipiga makofi peke yake sebuleni.

"Namshonea shati la kutokea," alisema. "Nipimie."

"Nimpime sasa hivi?" aliuliza Muuguzi.

"Kesho. Chukua tepe, kifua, kiuno, shingo, mabega, mikono. Usikadirie kwa macho, wewe si fundi."

Kesho yake Muuguzi akampa vipimo, polepole, kimoja kimoja. Fundi aliviandika kwa chaki pembeni mwa kitambaa na kutania kama kawaida yake.

"Mzee wako amekonda kama uzi. Lakini mikono ni mirefu kama yako."

Ilipita pumzi moja, mbili. "Wazee wa zamani walikuwa warefu," Muuguzi akasema, na Fundi akacheka, akachukua mkasi.

*

Mlinzi wa geti la hospitali alimnyunyizia dawa mikononi, kisha akamwonyesha mstari wa rangi nyeupe uliochorwa chini.

"Simama hapo, binti. Mzigo weka juu ya benchi. Wa nani?"

"Wa Mzee wa Dirishani. Mwambieni Muuguzi, yule mrefu, ndiye mwenyeji wangu."

Mlinzi alikuwa ameshainua simu ya getini. Akamaliza kumwita Muuguzi, akaiweka chini, ndipo akamgeukia. "Mzee yupi, yule wa saa?"

"Huyohuyo. Unamfahamu?"

"Nisimfahamu vipi? Dirisha lake lile pale." Alinyoosha kidole ghorofa ya juu. "Kila nikiingia zamu alikuwa akinipungia mkono. Nikimwonyesha saa yangu hii, anatikisa kichwa, yaani inachelewa." Akacheka ndani ya barakoa. "Mtu mzuri sana. Mungu amlaze pema."

Fundi alidhani amesikia vibaya. "Amlaze nani?"

Mlinzi alimtazama, akaitazama ile karatasi iliyofungwa vizuri, akavua kofia. "Hukuambiwa, binti? Mbona siku nyingi. Siku ile mvua zilipoanza."

Mvua zilikuwa zimeshaanza, zikanyesha, zikaisha. Vumbi lilikuwa limerudi barabarani. Fundi aliinua macho kwenye lile dirisha. Pazia lilikuwa limefungwa, na mtu asiyemjua alikuwa amelisogeza kidogo kwa kidole ili apate mwanga. Kitambaa cha shati alikuwa amekikata mvua zikigonga bati, akiimba.

Muuguzi alitoka kwenye mlango wa pembeni. Alitembea kwa hatua za mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa, na alipoona nani yuko kwenye mstari alisimama kwanza, kisha akaja.

"Umekuja," alisema. "Ungenipigia."

"Mzee amekufa lini?"

Alimtazama mlinzi. Mlinzi akakumbuka ana kazi upande wa pili wa geti.

"Siku ya mvua," Muuguzi alisema. "Mchana."

"Jioni yake uliniambia amekunywa supu."

"Asubuhi alikunywa kweli."

"Usinifanyie hivyo. Usinijibu kama wakili."

"Basi sawa." Alishika nondo za geti, akaziachia, kwa kuwa zilikuwa hazishikwi. "Nilikupigia ili nikuambie. Unakumbuka nilianzaje siku ile?"

Alikumbuka. Angetoa chochote asikumbuke. Muuguzi alikuwa amesema, "Fundi wangu, leo pagumu." Na yeye, kwa ile sauti yake ya asali, akamkatiza: "Ah-ah. Sheria yetu. Jema kwanza." Kisha kimya kirefu, hadi akadhani mtandao umekata. Halafu, "Mzee amekunywa supu."

"Ningejua ni msiba ningekusikiliza," Fundi alisema.

"Nilikuwa nalia. Uliniuliza kama nina mafua."

Lile jibu lake la siku ile lilimrudia Fundi: ukome kulala na feni, alimwambia.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono," Muuguzi akaendelea, bila kupandisha sauti. "Binti yake alikuwa kwenye simu, nimemwekea sikioni. Ile saa ya ukutani ikawa inapiga kelele, tik, tik, na nilikuwa namwambia moyoni, Mzee, kweli inachelewa. Nilitaka nimwambie mtu hivyo. Sikuwa na mwingine wa kumwambia."

"Ungenilazimisha. Ungesema, nyamaza, nisikilize."

"Ningesema."

"Badala yake ukanidanganya. Siku zote hizo. Mimi napiga makofi, namshonea maiti shati."

"Nilikudanganya, sikatai. Kesho yake nilisema leo nitamwambia. Nikapiga, na neno lako la kwanza, 'Mzee anaendeleaje?' Kwa furaha ile. Nikamketisha kitandani. Siku iliyofuata nikamtoa oksijeni." Alitazama chini. "Alikuwa anapona vizuri sana kwenye simu. Pengine na mimi nilikuwa namhitaji apone mahali fulani."

Gari la kusambaza mitungi ya oksijeni liliingia, wakasubiri lipite. Fundi alitaka hasira ibaki, maana hasira ilikuwa nyepesi kubeba kuliko kile kilichokuwa kinakuja nyuma yake. Aliitafuta tena.

"Na vipimo? Vipimo ulivitoa wapi, kama Mzee alikuwa ameshazikwa?"

Muuguzi alisimama tu, mikono imening'inia.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Fundi alikuwa ametazama uso tu tangu alipofika, tena nusu yake, kwa sababu ya barakoa. Sasa alitazama kama fundi. Sare ya kijani ilimpwaya kifuani, kitambaa kikijikunja mahali ambapo zamani kilijaa. Shingo ilikuwa imebaki peke yake ndani ya kola. Suruali ilikazwa kwa mkanda uliotobolewa tundu jipya. Lakini mabega yalikuwa yaleyale, kwa sababu mabega ni mfupa, na mfupa haukondi. Na mikono ilikuwa mirefu vilevile.

"Vilikuwa vyako," alisema.

"Nilijifungia bafuni na tepe ya wodi."

"Lakini mimi nimekushonea mashati. Vipimo vyako navijua kichwani."

"Ndiyo maana." Kwa mara ya kwanza sauti ilimtetemeka. "Nilijua utajua. Nikasema, akifika kwenye mikono tu, Fundi wangu ataniuliza, huyu si wewe? Imekuwaje umekwisha hivi? Nikawa nasubiri. Ukasema mikono ni mirefu kama yangu. Nikashika pumzi. Halafu ukacheka."

Fundi alikaa chini palepale kwenye mstari mweupe, na mlinzi aliyekuwa akijifanya hawaoni akapiga hatua moja, kisha akarudi. Kitambaa chote kile alikuwa amekishika mkononi. Alipitisha sindano kwenye kila inchi ya kukonda kwa mtu anayempenda, akiimba, na hakumwona.

"Nisamehe," alisema.

"Simama, chini kuna uchafu."

"Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe, tangu bado hujaomba. Inuka."

Aliinuka. Alipangusa magoti yake taratibu, kwa sababu aliona Muuguzi anavuta pumzi kama mtu ambaye hajamaliza.

"Kuna la pili," alisema. "Kuna kituo kipya cha wagonjwa kimefunguliwa mbali, huko hakuna waliozoea kazi hii. Waliomba wa kujitolea. Nilikupigia kukuuliza, niende au nibaki. Nilikuambia nina swali."

"Nikakwambia cheka kwanza," Fundi alisema polepole. "Nikakusimulia habari ya paka."

"Paka wa jirani aliyezalia kwenye kapu la barakoa. Nilicheka kweli. Halafu nikakata simu, nikaenda nikajiandikisha."

"Unaondoka lini?"

"Leo. Gari linakuja kabla jua halijazama. Ningekupigia nikiwa njiani."

"Kwa muda gani?"

"Hawajui. Hata sisi hatujui."

"Kama ningekusikiliza siku ile, ungebaki?"

Alifikiria. Angeweza kumdanganya, na sasa alikuwa na ujuzi wa kazi hiyo. "Ungesema nibaki, ningebaki," alisema.

"Na sisi je?" Fundi aliuliza.

"Sijui, Fundi wangu. Sina kinyongo na wewe, hilo ulishike. Umeibeba nyumba yenu kwa kicheko tangu ukiwa mtoto, mimi ni nani nikulaumu. Lakini nikioa, nataka siku nyingine nirudi nyumbani nimenuna, na niachwe ninune. Kwako naona nitalazimika kunawa uso mlangoni kila siku."

"Niambie sasa. Yote. Nitasimama hapa mpaka umalize, sitasema neno."

"Sasa siwezi. Nikianza hapa getini, gari halitanipakia." Alijaribu kutabasamu, na juu ya barakoa macho yake hayakufuata. "Hebu nione hilo shati."

Fundi aliliweka kwenye benchi, akarudi nyuma ya mstari. Muuguzi alifungua karatasi bila kuichana. Alivua sare, akabaki na fulana, na mbavu zake zilihesabika kupitia fulana ile. Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga vifungo kuanzia chini kama anavyofanya siku zote. Kola ikalala. Mabega yakakaa. Mikono ilikomea palepale kwenye kifundo, si juu wala chini.

Katika maisha yake yote ya kazi Fundi hakuwahi kushona nguo iliyomkaa mtu vile. Aliikagua huku na huku akiomba imbane mahali, popote, hata kwapani, apate sababu ya kumwambia airudishe irekebishwe.

"Limenikaa," Muuguzi alisema.

"Limekukaa," Fundi akasema.

*

Aliporudi nyumbani Mama alikuwa amekaa palepale, na kwa kuwa sheria ni sheria, aliuliza kama walivyozoea: "Haya, niambie jema la leo."

Fundi alitundika ufunguo. Alikwenda kwenye cherehani, akakaa, akashika gurudumu lake lakini hakulizungusha. Alitaka kusema lolote, hata habari ya paka ingetosha, na uso wake ukakataa. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia mbele ya mama yake tangu siku ya mazishi ya baba.

Paa halikuanguka. Mama aliinuka taratibu, akaiweka dawa yake kando, akaja akasimama nyuma yake na kumwegemeza kichwa tumboni.

"Mama, utapata shida ya kifua."

"Nyamaza. Kifua changu kina pumu, hakijafa. Ni nini, amekuacha?"

"Anaondoka. Na mimi ndiye niliyemwondoa." Akamweleza yote, la Mzee, la vipimo, la paka. Mama alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja.

"Nami nilikuwa namsema ataleta ugonjwa," Mama alisema mwishowe. "Kumbe mtoto wa watu anakwisha." Kisha akaongeza, "Unajua mimi nalia bafuni? Nafungulia maji usinisikie."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie saa ngapi, mwanangu? Ulikuwa unaimba."

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati ya nyumba ya mbele. Ilikuwa saa yao ya simu. Fundi alibonyeza namba, akasikia inaita, ikaita, na alikuwa ameshakubali kwamba haitapokewa ilipopokewa. Kulikuwa na mngurumo wa gari na kioo kinachotikisika.

"Fundi wangu," Muuguzi alisema, na kwa mazoea tu akauliza, "habari gani njema ya leo?"

"Sina," alijibu.

Gari likanguruma. Mama, aliyekuwa karibu, alishika bega la binti yake.

"Hata mimi sina," alisema Muuguzi.

Alikuwa analia, na safari hii Fundi hakumuuliza kama ana mafua. Aliikandamiza simu sikioni akamsikiliza, kilio chote, pamoja na mapumziko yake, na yeye akalia upande wake bila kuficha. Hakuna aliyesema neno na hakuna aliyekata. Mtandao ndio uliokuja kuwakatia, gari lilipofika mahali pasipo na mnara.